Nani Alikuwa Mzembe? Historia ya mashine, miguu ya wafanyakazi na mtu wa kulipa

Wandugu wanachama, na ninyi wafadhili mnaotusoma kutoka mbali,

Katika mkutano mkuu uliopita mama mmoja alisimama akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: kwa nini sanduku la mituele linalipa miguu iliyovunjwa na mashine za watu wengine? Sanduku letu lilianzishwa kwa ajili ya matanga, uzazi, magonjwa, na kwa mtu aliyerudi akakuta nyumba yake imeanguka. Sasa tuna dosie za watu waliogongwa na klaki ndani ya depo, waliobanwa ukutani na kamyo ikirudi nyuma, walioanguka kutoka juu ya mzigo. Na karibu kila dosie inakuja na sentensi moja ya patroni: "Alikuwa mzembe." Muda wa mkutano haukutosha kujibu. Nimeomba nafasi hapa nieleze ile sentensi inatoka wapi, juu haikuzaliwa Uvira wala Kalemie. Iko na karibu miaka mia mbili, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ndiyo iliyoamua nani atakula hasara.

Tuanze na gari la nyama. Mwezi wa Mei 1835, katika jimbo la Lincolnshire huko Uingereza, kijana Charles Priestley alipanda gari la farasi la bwana wake, muuza nyama aitwaye Thomas Fowler. Gari lilikuwa limepakiwa kupita kiasi. Likavunjika njiani, na Priestley akavunjika mfupa wa paja. Mtu yeyote aliyewahi kupanda kamyo ya Baraka siku ya soko, juu ya mifuko ya mihogo, bidoni za mawese na mbuzi za watu, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Priestley akamshitaki bwana wake. Wakati ule lilikuwa jambo geni kabisa, mtumishi kwenda mahakamani kumdai bwana wake kwa jeraha la kazini. Wazee wa baraza waliosikiliza kesi walimwonea haki wakampa pauni 100. Lakini mwaka 1837 mahakama ya London, iliyokuwa chini ya jaji Lord Abinger, ikazifuta. Jaji alitoa sababu mbili. Ya kwanza: mtumishi alijua gari limejaa sawa na bwana wake, pengine kumshinda, na angeweza kukataa kupanda. Ya pili ilikuwa woga tu. Akisema huyu alipwe, basi kesho mabwana watashitakiwa kwa kila kosa ambalo mtumishi mmoja amemfanyia mwingine, mpaka juu ya mjakazi aliyemlaza mwenzake kwenye kitanda chenye unyevu. Ndiyo, kitanda chenye unyevu. Mfupa wa paja wa kijana wa watu ukapimwa na shuka mbichi, na shuka ikashinda.

"Angeweza kukataa." Wale kati yenu waliosimama saa kumi na moja asubuhi mbele ya geti la depo, wakisubiri kapita aonyeshe kidole huyu na huyu na yule, wanajua kukataa kunalipwa bei gani. Anayekataa leo, kesho kidole kinampita.

Miaka mitano baadaye, 1842, Marekani ikafuata njia ileile. Nicholas Farwell alikuwa dereva wa gari-moshi wa kampuni ya reli kati ya Boston na Worcester. Mtumishi mwingine wa kampuni, mwenye kazi ya kugeuza njia za reli, aliiacha njia vibaya. Gari-moshi likaanguka, na mkono wa kuume wa Farwell ukapondwa. Jaji Lemuel Shaw alisema Farwell alikuwa akipata dola 2 kwa siku, na mshahara kama huo una bei ya hatari ndani yake: aliyeukubali alikubali na hatari. Kama kuna kosa, ni la mwenzake wa kazi, na bwana hausiki. Maana yake, kama unataka haki, nenda kamdai maskini mwenzako.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, mjane wa Uingereza au Marekani aliyefika ofisini kwa kampuni alikuta milango mitatu imefungwa. Mumeo alijua hatari. Mwenzake ndiye alikosea. Yeye mwenyewe alikuwa mzembe. Sijui kama wapatroni wa kwetu wamewahi kusikia jina la Lord Abinger, lakini wanasemaka maneno yake bila kubadilisha kitu.

Kilichoanza kuvunja ile hadithi ya uzembe kilikuwa kipande cha chuma. Kwenye reli za Marekani, mabehewa yalikuwa yanaungwa kwa pete na pini. Mtu alisimama katikati ya mabehewa mawili, moja likija, akaongoza pete kwa mkono na kuingiza pini kwa wakati wake. Akichelewa kidogo, vidole vimekwenda, au mkono, au kifua. Inasimuliwa kwamba mtu mzoefu wa kazi ile alijulikana kwa vidole vilivyopungua. Na kila mara ripoti ilisema: hakuwa makini. Mwaka 1873 mtu anaitwa Eli Janney akapata hati ya kifaa kinachounganisha mabehewa chenyewe, yakigusana tu. Kampuni nyingi hazikukitaka, kiligharimu pesa. Ikabidi sheria ya 1893 ilazimishe, na mwaka 1900 ukawa mwisho wa kuahirisha. Majeraha ya kuunga mabehewa yakashuka sana. Watu walikuwa walewale, na usingizi wao uleule, na pombe yao ileile ya jumamosi. Chuma ndicho kilichobadilika.

Sheria za malipo nazo zikageuka. Ujerumani 1884, Uingereza 1897, Ufaransa 1898, Ubelgiji tarehe 24 Desemba 1903. Kila nchi na namna yake, lakini wazo lilikuwa moja: ajali ikitokea kazini, mfanyakazi alipwe kiasi kilichopangwa bila kwanza kubishana nani mwenye kosa. Mfanyakazi naye anapoteza kitu, hapati malipo makubwa ambayo mahakama pengine ingempa. Ni mapatano. Mimi naona ni mapatano mazuri kwa maskini, juu maskini hana miaka mitano ya kungoja jaji.

Sasa turudi kwetu. Mwaka ule wa 1903 Kongo haikuwa hata koloni ya Ubelgiji. Ilikuwa mali ya Mfalme Léopold II mwenyewe. Reli ya Matadi hadi Léopoldville ilikuwa imekwisha kujengwa kati ya 1890 na 1898, na hesabu ya wakubwa wenyewe ilitaja Waafrika 1,800 na wazungu 132 waliokufa. Wengi waliuawa na homa, kuhara damu na uchovu. Wengine kwa baruti na kwa mabehewa yaliyoacha njia. Kiisha ikaja reli ya kusini, ikafika Elisabethville mwaka 1910, na shaba ya Union Minière ikaanza kutoka. Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ikafika ziwani, Albertville, ambayo leo ni Kalemie yetu.

Hapa nataka tukae kidogo, juu ramani yenyewe inaeleza mengi. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu zao katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, ndiyo ile Belbase ambayo wazee wa Kigoma wangali wanaitaja. Mzigo wa Kongo ulishuka merini Dar es Salaam, ukapandishwa gari-moshi, ukashushwa Kigoma, ukaingia meli ya ziwa, ukashushwa Albertville, ukapanda gari-moshi tena. Hesabuni ni mara ngapi gunia moja limebadilisha mgongo. Mtu haumizwi sana pale mzigo unapotembea. Anaumizwa pale unapohamishwa, pale ambapo mtu wa miguu, ndoana, kamba, behewa na baadaye kamyo wanagombania mita kumi za sakafu. Wengi wetu tulirudi kutoka makambi ya Tanzania tukipitia gati hilohilo la Kigoma kuja Baraka. Tuliona wapakiaji wale wanavyopita chini ya mizigo inayoning'inia.

Na malipo? Kwa mfanyakazi mweusi wa Kongo, dekreti ya kumlipa aliyeumia kazini ilikuja mwaka 1949. Wazungu walikuwa na dekreti yao mbali. Kutoka 1903 mpaka 1949 ni miaka 46, na katika miaka hiyo nchi iligeuzwa kuwa migodi, reli na bandari. Tarehe 29 Juni 1961, siku moja kabla uhuru haujatimiza mwaka, nchi ikiwa imepasuka vipande, serikali ilitia saini dekreti ya kuunda INSS, ikaunganisha masanduku ya kikoloni kuwa moja. Mimi nikisoma hiyo tarehe nashangaa kila mara. Katika moto ule, kuna watu waliokaa mezani wakaandika kwamba mfanyakazi akiumia atalipwa, na kwamba hata ajali ya njiani kwenda kazini au kurudi nyumbani inahesabiwa. Sheria ya 15 Julai 2016 imechukua nafasi ya ile ya zamani, na INSS siku hizi inaitwa CNSS. Mchango wa upande wa ajali za kazi unalipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi kitu kwa hilo. Nawaomba mlikumbuke mtakaposikia patroni akisema "siwezi kumwandikisha, mshahara wake ni mdogo".

Sasa klaki yenyewe. Jina linatoka kwa kampuni ya Clark, ya mji mdogo wa Buchanan, katika jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 1917 wafanyakazi wake walitengeneza kigari cha kubebea vitu ndani ya kiwanda chao wenyewe. Wageni waliokuja kutembelea wakakipenda wakaagiza vyao. Katika miaka ya 1920 vigari vya namna hiyo vikapata uma mbele na mlingoti wa kuinua. Vita ya pili ya dunia ndiyo iliyovisambaza, pamoja na vile vitanda vya mbao tunavyoviita paleti, kwa sababu jeshi la Marekani lilikuwa na mizigo mingi na watu wachache wa kuibeba. Wabelgiji wakaiita mashine yoyote ya namna hiyo "clark", hata ikiwa ya kampuni nyingine, na sisi tukachukua neno kwao: klaki, na dereva wake klarkisti. Mkivuka ziwa, Watanzania wanaiita foklifti.

Ni mashine inayodanganya macho. Ni fupi kuliko gari la abiria, kwa hiyo mtu anaidharau. Lakini klaki ya kuinua tani 2 na nusu yenyewe ina uzito wa tani 3 na zaidi, mara nyingi karibu 4, juu lazima iwe na chuma kizito nyuma cha kushindana na mzigo wa mbele. Ni kama mizani ya soko: matairi ya mbele ndiyo katikati. Ukiweka mzigo mzito kuliko kipimo, au ukiuinua juu sana kisha ukakata kona, mizani inageuka na mashine inalala. Dereva akiruka ili ajiokoe, mara nyingi paa la chuma linamkuta chini. Ndiyo maana anafundishwa kufunga mkanda, kubaki kwenye kiti na kushika usukani, jambo ambalo mwili wote unalikataa.

Jambo la pili ni matairi. Klaki inageukia matairi ya nyuma. Gari la kawaida likikata kona, wewe unaangalia pua yake. Klaki ikikata kona, pua inakwenda upande huu na matako yake yanafagia upande ule, kwa nguvu ya tani 3 za chuma. Mtu aliyesimama pembeni akidhani imekwisha kumpita, ndiye anayebanwa. Miguu mingi katika dosie zetu imevunjika hivyo. Na jambo la tatu: mifuko ya simenti ikipangwa mpaka juu, klarkisti haoni mbele. Inabidi aendeshe kinyumenyume akiangalia begani, au mtu amwongoze. Kinyumenyume shingo inauma, na mwongozaji ni mtu mmoja zaidi wa kulipa, basi anakwenda mbele kwa kubahatisha.

Marekani, ambako baadhi ya ndugu zetu wa Nyarugusu walipelekwa na leo wanafanya kazi katika madepo makubwa, mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuendesha klaki. Tangu tarehe 1 Machi 1999 kuna kanuni inayosema dereva afundishwe, ajaribiwe kwenye mashine ileile na mahali palepale atakapofanyia kazi, na apimwe tena kila miaka 3. Akigonga au akikosa kidogo tu kugonga, anarudi mafunzoni. Wanatuambia kwenye simu kwamba kule nako watu wanakufa. Naamini. Kanuni haizuii kila kitu. Lakini angalieni inaanzia wapi: kwa mashine na mahali pake. Tabia ya aliyegongwa haitajwi kwanza.

Kuna wanachama watakaonipinga hapa. Mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi bandarini aliniambia, "Mwanangu, kuna watu wanapita nyuma ya kamyo wanaandika mesaji. Huyo naye utasema ni mlango?" Ana haki yake. Uzembe uko, mimi siutetei. Ninachosema ni kwamba swali hilo linaulizwa mapema mno, na anayeuliza ni yule ambaye jibu litamfungulia mfuko au kuufunga. Na klarkisti naye si adui yetu. Mara nyingi analipwa kwa idadi ya kamyo alizopakia, na kengele ya kurudi nyuma ilikufa zamani, akamwambia kapita, kapita akasema tutaona. Kumtupia yeye lawama yote ni kurudi kwa jaji Shaw.

Tena kuna watu ambao swali la uzembe haliwezi kuwagusa hata kidogo. Februari 2019, huko Kabwe, kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo iliyobeba asidi ya mgodi iligongana na magari mengine, asidi ikamwagika. Karibu watu 20 walikufa. Wengi hawakuwa wafanyakazi wa mgodi wowote. Walikuwa njiani tu.

Niseme sasa habari ya depo moja ambayo sitaitaja. Mwanachama wetu, baba wa watoto watano aliyerudi kutoka Lugufu, alifanya kazi pale ya kupakia, siku kwa siku, bila kartasi. Depo ina mlango mmoja wa mizigo. Ulikuwepo mlango wa pili wa watu, lakini ulifungwa kwa kuchomelewa kwa sababu ya wizi, hivyo watu, mifuko, klaki na moshi wa jenereta vyote vinapita tundu moja. Klaki ilirudi nyuma, ikakata kona, ikambana mguu juu ya kizingiti. Lopitali walikata vidole vitatu. Patroni alileta mchele na pesa za dawa za wiki ya kwanza, namshukuru kwa hilo, kiisha akasema mtu huyu si mfanyakazi wake, ni wa siku.

Hapo ndipo sheria inafaa kujulikana. Kodi ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inasema hivi: mtu wa siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akaajiriwa tena kabla hiyo miezi miwili kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Siku 22. Baba huyu alikuwa amefanya karibu mwaka mzima. Shida ilikuwa kuonyesha. Kapita alikuwa na daftari, daftari likapotea. Lakini mke wake, ambaye hakusoma zaidi ya la nne, alikuwa akiandika kwenye kalenda ya ukutani kila siku mume alipoleta pesa, na kiasi gani, ili ajue deni la duka. Ile kalenda tumeipiga picha, ukurasa kwa ukurasa. Wapakiaji wawili wamekubali kuandika majina yao kama mashahidi. Wa tatu aliogopa, na sikumlazimisha.

Kwa hiyo, mama uliyeuliza: sanduku lililipa lopitali kwa sababu mguu haungoji. Katika kitabu cha hesabu kamati imeandika pesa hizo kama mkopo juu ya dosie, ili zikirudi zirudi sandukuni. Wafadhili wanaouliza kwa nini tumeomba pesa za fotokopi, muhuri na usafiri wa kwenda Inspeksyo ya Kazi, ndizo kazi zake. Na kila mwanachama anayefanya kazi ya siku atapewa kalenda ya mituele mwezi ujao. Aandike siku, mahali na jina la kapita, hata kwa kalamu ya mtoto.

Mlango wa pili wa ile depo umekwisha kufunguliwa. Wamemweka zamu hapo, na mstari wa rangi nyeupe sakafuni ambao umeanza kufutika. Barua yetu ilipokelewa Inspeksyo, nakala yenye muhuri iko ofisini kwa anayetaka kuiona. Jibu bado.